Mjomba Aliponyamaza

Kepteni alimfahamu Mjomba kwa sauti tu. Kwa miaka kumi na moja mwanamke huyo alikuwa akirusha ndege katika anga ya Mjomba, na hawakuwahi kuonana hata siku moja. Mjomba alikuwa mwongoza ndege: kazi yake ilikuwa kukaa chini, mbele ya skrini, na kuwapangia marubani nani apande, nani ashuke, nani asubiri. Jina hilo walimpa marubani wenyewe, maana alivyokuwa akitoa maagizo ungedhani anakukaribisha sebuleni kwake.

Wakati Kepteni ana mimba changa, ambayo hata mama mkwe wake hakuwa ameambiwa, aliripoti hewani huku pumzi zikimpanda. Mjomba akampa kimo na mwelekeo wake, kisha akaongeza, "Ukitua upumzike, mama." Aliporudi kazini baada ya uzazi, sauti ileile ikampokea: "Karibu tena. Analala usiku huyo?"

"Hataki hata kusikia habari za kulala, Mjomba."

"Basi ni mzima."

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, mbingu nyeupe, abiria mia moja arobaini na mmoja nyuma. Usukani alikuwa nao rubani msaidizi, mwanamume aliyemzidi Kepteni miaka sita. Alifundisha hesabu sekondari kabla ya kuingia urubani, na wote walimwita Ticha. Kepteni alishika redio. Walikuwa futi elfu thelathini na nne, Ticha akilalamika kwamba chai ya ndege ni maji yaliyotishiwa majani, mtambo ulipopiga kelele.

"Ndege! Ndege!"

Mtambo huo kazi yake ni moja. Ndege mbili zikikaribiana mno, mitambo yao huwasiliana na kukubaliana nani apande na nani ashuke. Kwenye skrini kidoa cha njano kilikuwa kinawajia kutoka chini. Kikageuka chekundu.

"Panda! Panda!"

Ticha alikuwa ameshaanza kuvuta usukani redio ilipolia. "Shuka! Shuka haraka hadi elfu thelathini na tatu!" Alikuwa Mjomba, lakini sauti ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyekimbia.

Mkono wa Ticha ukasita. Akamtazama Kepteni.

Jambo hilo walilifanyia mazoezi darasani mpaka likawachosha: mtambo ukisema hivi na mwongozaji akasema vile, fuata mtambo, kwa sababu mwenzako naye anafuata wa kwake. Ila darasani aliyesema "shuka" alikuwa mkufunzi anayetafuna karanga. Huyu alikuwa Mjomba.

"Panda, Ticha," Kepteni akasema. "Fuata mtambo. Panda, baba, panda." Kisha akabonyeza kitufe cha redio. "Siwezi kushuka. Tunafuata mtambo, tunapanda."

Mjomba akanyamaza kidogo. "Nimekusikia," akasema, na hakusema tena.

Pua ya ndege ikainuka. Kepteni akachungulia upande wake, na hapo chini akaiona: mgongo mweupe, mabawa, mkia wa bluu, ikiwapita kwa mshazari karibu kiasi kwamba moyo wake ulipiga mara moja tu, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango. Ikaenda zake.

Mtambo ukatangaza kwamba hatari imepita. Kepteni akaripoti kwamba wanarudi kwenye kimo chao. Aliyejibu alikuwa mwanamke wa sauti ngeni.

Nyuma, mkuu wa wahudumu akapiga simu ya ndani. "Hakuna aliyeumia. Birika moja limemwagika, na kuna bibi anauliza kama mmepita kwenye tuta."

"Mwambie ndiyo," alisema Kepteni. "Mwambie tunaomba radhi."

Ticha akacheka, akashindwa kuacha, mpaka Kepteni akamshika bega na kuchukua usukani.

Waliandika ripoti, wakahojiwa. Ikajulikana kwamba Mjomba aliiruhusu ndege ya pili ipande akidhani ya Kepteni imeshapita njia panda, na kwamba alikuwa amekaa saa nne mfululizo bila wa kumpokea. Alisimamishwa kazi. Kepteni alikaa na jambo hilo kifuani wiki tatu. Alikuwa akimwogesha mtoto, akijikuta amesimama na kata mkononi, haimwagi.

"Mtoto anapigwa baridi," mumewe alimwambia siku moja, akimpokea kata. "Wameshamaliza kukuhoji?"

"Wamemaliza."

"Basi nenda ukamwone mzee wa watu."

Alifunguliwa mlango na mke wa Mjomba, mama mnene mwenye miwani iliyosukumwa juu ya kilemba. Kepteni alipojieleza, mama yule aliufungua mlango wote. Alimshika kiganja kwa mikono yote miwili, akamwingiza ndani.

Siku zote Kepteni alimwazia Mjomba kuwa pande la mtu. Aliyemkuta alikuwa kibabu kifupi, chembamba, amesimama mbele ya meza akipiga pasi shati la kazi. Kwenye kiti yalikuwa mengine manne, yamenyooka tayari.

"Shikamoo, Mjomba."

Pasi ikasimama. Sauti aliitambua hapohapo. "Marahaba, mwanangu," akajibu, na macho yakamlowa kabla hajamtazama vizuri. "Nilikuambia ushuke."

"Nakumbuka."

"Ungenisikiliza mngekuwa wote mnashuka. Mia moja arobaini na mmoja kwako, tisini na sita kwa mwenzako. Niliuliza idadi yao. Nikilala nawahesabu."

Kepteni akasogeza mashati, akakaa. Alikuja na maneno ya kumfariji, yakamtoka yote kichwani. Akasema tu kile kilichokuwa kikimzuia kumwaga kata.

"Mjomba, nilipokuambia napanda, ulinyamaza. Ungeng'ang'ania, ungesema shuka mara ya pili kwa sauti hiyo yako, mimi sijui. Wallahi sijui. Miaka yote hii sijawahi kukukatalia. Mkono wa mwenzangu ulikuwa umeshasita. Ulituachia tukapanda."

"Ndivyo sheria inavyosema. Rubani akikwambia anafuata mtambo, unafunga mdomo."

"Wangapi wangeufunga?"

Mjomba alifunika uso. Mabega yakaanza kutikisika, bila sauti, mtu aliyeishi kwa sauti yake. Kepteni akainuka na kumkumbatia. Kichwa cha mzee kilimfika kidevuni.

"Jamani, shati!" mkewe akapaza sauti kutoka mlangoni. Moshi ulikuwa unapanda. Aliinyanyua pasi, akalitazama tundu la kahawia mgongoni mwa shati. "Haya. Wiki tatu namwambia mashati yamenyooka, hasikii." Naye akaanza kufuta macho kwa ncha ya kilemba, akicheka.

Mjomba hakurudishwa kwenye redio. Walitaka kumstaafisha, yeye akaomba darasa, wakampa. Kila kundi jipya la waongoza ndege analisikilizisha rekodi ya alasiri ile, kosa lake lote, bila kukata hata pumzi.

Mara ya kwanza alimwalika Kepteni. Rekodi ilipokwisha, msichana wa kiti cha mbele akanyoosha mkono. "Kepteni, ina maana wewe hukumwamini mwalimu?"

Mjomba alikuwa akikunja waya wa spika. Hakuinua kichwa.

"Nilimwamini sana," alisema Kepteni. "Ndiyo maana ilikuwa ngumu. Na alipojibu 'nimekusikia', nilimwamini tena."

Msichana akaandika. Mjomba aliumaliza waya wake taratibu, akauweka mezani, kisha akawaambia wanafunzi waende kula, warudi saa nane, na anayechelewa ataning'inia angani mpaka jioni.

Wawili hao wakabaki darasani. Akamuuliza mtoto anaendeleaje, Kepteni akatoa simu amwonyeshe picha, na Mjomba akaanza kutafuta miwani yake.