Mwalimu Namsifu Anaendesha Gari Jangwani

Usiku wa jana Mwalimu Namsifu Mgonja aliota anaendesha gari, jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa macho. Ana miaka sitini na mmoja. Alifundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu, sasa anaishi Morogoro, na kila anaposafiri hupanda basi na kukaa nyuma ya dereva ili amwangalie asije akasinzia.

Gari la ndotoni lilikuwa jeupe na barabara ilikuwa nyekundu. Kulia jangwa, kushoto jangwa. Namsifu hakushangaa, maana alijua yuko wapi. Binti yake Nanzighe, anayesomea mambo ya udongo Australia, alikuwa amemtumia kijitabu cha hifadhi moja ya huko, nchi ya Waaborijini, wale wenyeji wa asili waliokuwepo kabla meli yoyote haijatia nanga. Kijitabu kilieleza kwamba mgeni huingia na gari lake, hufuata nguzo zenye namba, na kwenye kila nguzo husimama akasoma. Namsifu alikisoma kitandani mpaka usingizi ukamchukua, kwa kuwa hakutaka kuishika simu.

Kwenye simu kulikuwa na mdogo wake, Senkondo. Wiki mbili nzima Senkondo alikuwa anapiga kutoka kwao Same. Barabara mpya ya lami ingepita juu ya kaburi la mama yao, tingatinga lingefika Ijumaa, na fomu ya kuridhia kaburi lihamishwe ilitaka sahihi za wote wawili. Mama yao alikichagua mwenyewe kile kipande cha shamba, akakionyesha kwa fimbo, akasema: mimi hapa sitoki. Alisema mbele ya watu. Namsifu hakuwa na hasira na mdogo wake. Hakuwa na jibu, basi, na mtu asiye na jibu anaiacha simu ilie.

Langoni mwa hifadhi alisimamishwa na mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa pale, amevaa sare na kofia pana. Kibandiko cha kifuani kilisema Shangazi Merle. Alimsalimia Namsifu kwa Kipare safi cha milimani, akamuuliza kwao wapi, mama yake nani, bibi yake nani. Namsifu akajibu yote. Shangazi Merle hakuandika popote. Alikuwa anataka kujua tu.

Kisha akasema ziara ile ni ya kujiongoza, kwa hiyo aambiwe nani anaongoza.

"Mimi," Namsifu akasema.

"Na anayeongozwa?"

"Mimi pia."

"Basi mmoja akae nyuma."

Namsifu anatazama kwenye kioo. Nyuma ameketi Namsifu mwingine, magoti pamoja, mkoba mapajani, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri kuliko chake. Wanasalimiana kwa kichwa. Lango linafunguka.

Nguzo ya kwanza ilikuwa ya mbao, fupi kama mtoto wa chekechea, imeandikwa: Acha nyayo tu. Namsifu akashuka, akatembea hatua tatu, akarudi.

Nguzo ikamwambia azirudie, kwani amezikanyaga tu, hajaziacha. Akatembea tena, safari hii taratibu, na kila alipoinua mguu alihisi kitu kimebanduka, kama plasta inayotoka kwenye kidonda kilichopona. Tangu hapo alikanyaga mchanga bila kuacha alama. Namsifu wa nyuma aliteremsha kioo akauliza kama nyayo zitarudishwa wakati wa kutoka.

"Hazirudishwi," nguzo ikasema. "Kuna familia iliziacha hapa miaka elfu ishirini iliyopita. Hawajaziulizia."

Waliendelea. Kibao cha mwendo kilisema arobaini, na Namsifu alikwenda arobaini bila kuzidi wala kupungua. Ndege wakubwa kama mbuni walivuka barabara mmoja mmoja, wa mwisho akainamisha shingo kuomba radhi kwa kuchelewa.

Kwenye nguzo ya nne palitakiwa kuwe na ziwa lililokauka. Namsifu anafungua mlango na kukuta ni darasa lake la Kidato cha Pili, ubao uleule wenye ufa, harufu ileile ya chaki. Ziwa limekaa dawati la nyuma. Ni jeupe na bapa, limejaa darasa zima na bado limebaki nyuma.

Mwalimu akaona hana budi kufundisha. Akaandika ubaoni: Ziwa la zamani. Ziwa likanyoosha mkono, likasema kwa adabu kwamba lingeomba jina lirekebishwe.

"Mimi ni ziwa, Mwalimu. Mtu akiishiwa maji hapotezi jina."

Alifuta yale maneno 'la zamani' kwa kiganja. Miaka thelathini alikuwa amelifundisha vile, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsahihisha. Aliona haya kidogo. Akaliomba radhi, ziwa likasema halina neno, na darasa likarudi kuwa jangwa.

Walipokuwa garini tena, yule wa nyuma akauliza, kwa sauti ya mwanafunzi anayejua jibu, kama Senkondo amejibiwa.

Namsifu alisema wako kwenye ziara, maswali mengine yasubiri.

"Lakini wewe ndiye kiongozi," wa nyuma akasema.

Namsifu alipunguza mwendo, kwa sababu mbele ilikuwa imetokea nguzo ya nane, na pembeni yake palikuwa na shimo. Lilikuwa shimo la kiasi, refu kidogo kuliko pana, urefu wa mtu aliyelala amekunja miguu. Akataka kugeuza gari arudi nguzo ya saba, ambayo hata hakumbuki ilikuwa na nini. Lakini njia ile ilikuwa ya upande mmoja. Kwenye kioo aliona barabara waliyopita inajikunja yenyewe, kama mkeka unaokunjwa wageni wakishaondoka, na ule mkunjo ulikuwa unawafuata bila haraka.

Basi akashuka.

Shimo lilimkaribisha. Lilikuwa na sauti ya kawaida, ya mtu aliyekaa barazani kwake. Likaeleza, bila kuulizwa, kwamba lilikuwa na mama mmoja wa kale, aliyezikwa na watu wake kwa heshima zote, kwa moto na kwa kilio. Siku moja wakaja wasomi na brashi ndogondogo wakamchukua. Walimweka ndani ya sanduku, sanduku ndani ya kabati, kabati ndani ya mji wa mbali. Akakaa huko miaka arobaini na kitu. Halafu akarudishwa, akazikwa mahali ambapo ndugu zake wanapajua na hawapaandiki kwenye vijitabu.

"Na wewe?" Namsifu akauliza.

"Mimi ni shimo. Nilingoja. Aliporudi nikaambiwa nipumzike."

Shangazi Merle alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo, ingawa lango lilikuwa mbali sana. Alivua kofia. Namsifu akaona hapa ndipo mahali pa kuuliza, na asipouliza hapa hatauliza tena. Alimweleza yote: lami, fomu, Ijumaa, maneno ya mama. Akasema anaogopa mama yake atakasirika akibebwa.

Shangazi Merle alipangusa vumbi kwenye kofia yake. Ndege wawili wakavuka.

"Sisi hatukukasirika kwa sababu alisafiri," akasema. "Tulikasirika kwa sababu alichukuliwa sisi hatupo. Siku ya kurudi, tulikuwa ndani ya gari pamoja naye."

Akavaa kofia yake, akasema nguzo ya tisa iko mbele kidogo, na kwamba Namsifu asisahau mkanda.

Nguzo ya tisa iko Same. Namsifu anaitambua kwa mbali: mkonge pande zote mbili, milima ya Upare imejaa wingu begani, vumbi ni jekundu vilevile kiasi kwamba huwezi kusema jangwa limekoma wapi. Kando ya nguzo amesimama mama yake, aliyefariki mwaka wa kumi na moja sasa. Amejifunga kanga mbili na ameshika fimbo. Anapunga mkono kama mtu anayesimamisha lifti.

Gari likasimama lenyewe. Namsifu wa nyuma alisogea, akakunguta kiti. Mama akaingia, akafunga mlango kwa nguvu kama alivyofunga milango yote maishani mwake, akavuta mkanda, akaukagua, akaufunga.

"Shikamoo, mama," wakasema wote wawili.

Aliitikia marahaba moja, akaigawa.

Namsifu alishika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa amelipanga lile neno wiki mbili, na sasa lilitoka bila mpangilio. "Mama, ulisema pale hutoki. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema sitoki kwa miguu," mama yake akasema.

Namsifu akageuka kumtazama. Mama yake alikuwa anaangalia nje, kwenye mkonge.

"Mnanitoa, au mnanipeleka?"

Lilikuwa swali la kweli, na Namsifu aliijua tofauti ya maneno yale mawili. Alifikiria kule juu milimani, kwenye migomba ya babu, mahali ambapo maji ya mfereji yanapita na kila mpita njia ni mtu wa ukoo. Mama alizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale.

"Tunakupeleka, mama. Mimi na Senkondo. Tutakuwa garini."

"Basi endesha. Na usikimbize."

Aliendesha. Mlima ukainuka mbele yao, barabara ikaanza kujipinda, na mama alikuwa anataja majina ya wenye mashamba, waliopo na waliokwisha kufa, bila kutenganisha. Yule wa nyuma alikuwa anaitikia. Kwenye kona ya tatu gari likakohoa na kumwomba Mwalimu atie gia namba moja.

Hapo Namsifu akakumbuka kwamba hajui kuendesha. Akaliambia gari hivyo, kwa upole. Gari likasema lilikuwa linashangaa, maana alikuwa anaendesha vizuri. Kisha likazimika, na yeye akaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mvua iliyoshika Morogoro tangu Jumatatu bado ilikuwa inapiga bati, na dirisha lilikuwa la kijivu. Namsifu aliketi kitandani, akachukua simu, akampigia mdogo wake.

Senkondo alipokea kabla haijalia mara ya pili. Alianza kujitetea, akieleza habari za ofisi na tarehe, na dada yake akamwacha mpaka akaishiwa. Halafu akamwambia kwamba atapanda basi la kesho. Kaburi jipya lichimbwe kwanza kule juu kwenye migomba, ndipo la chini lifunguliwe. Wazee wa ukoo waambiwe leo. Na siku yenyewe wao wawili watapanda gari moja na mama, wakae kando yake, mpaka afike.



"Dada," Senkondo akasema, "mimi nilikuwa naogopa kwenda peke yangu."

Akamwambia hatakwenda peke yake. Akamuuliza kama amekula, naye akasema atakula. Wakaagana.

Namsifu alipoiweka simu mezani aliona mkono wake wa kulia unawasha. Akauinua karibu na dirisha. Tangu kiwiko hadi kifundo ulikuwa umeungua jua, mweusi kuliko wa kushoto, una joto ukiugusa, kama mkono wa dereva aliyeshinda kutwa nzima ameuegemeza dirishani.