Pipa la Taa Kubwa

Pipa lilikuwa linapiga shoti. Lauro Manalastas alijua tangu mvua ilipoanza kupenya turubai. Alikuwa amekaa juu ya lori, nyuma ya taa kubwa ya Krismasi, ndefu kuliko paa la nyumba. Umeme ulipita kwenye bati la pipa, ukapokewa na mamia ya vibanio vya nywele vilivyoligusa, kila kibanio na waya wake, kila waya na balbu zake. Palipobandikwa utepe wa gundi juu ya bati, umeme ulikatika. Pipa likizunguka, balbu zinawaka na kuzima, taa inacheza. Kazi hiyo aliachiwa na baba yake, na mtaani hakuna mwingine aliyeiweza.

“Mwenyekiti, zima jenereta kwanza. Mikono inakufa ganzi.”

Mwenyekiti wa mtaa, Cunanan, alichungulia kutoka chini ya mwavuli. “Mitaa mingine imeshashindanisha taa zao, zamu yetu hii, Lauro. Gavana yuko jukwaani. Nizime, niwaambie nini? Fundi anaogopa manyunyu?”

“Na zile glavu za mpira nilizoomba?”

“Hela imeishia kwenye fulana.”

Fulana yenyewe Lauro alikuwa ameivaa, imelowa chepechepe, sura ya Mwenyekiti imemganda kifuani.

“Zungusha, bwana. Au nimwite shemeji yako Ponso? Yule hana madeko.”

Ponso alikuwa na watoto wanne, na pipa hakulijua. Lauro akashika mpini wa chuma wa kuzungushia pipa.

Bendi ikaanza. Huko mbele watu wakashangilia. Yeye alikuwa akiona migongo ya balbu tu. Kwenye ubeti wa pili mpini ukamng'ang'ania. Alitaka kuachia, vidole vikakataa. Akapiga ukelele, ngoma zikaumeza.

Harufu ndiyo iliyomshtua Cunanan. Vijana wa lori walimpiga Lauro kwa ubao mpaka mikono ikabanduka, wakamshusha, wakamlaza matopeni.

“Muziki haujaisha!” Cunanan alifoka. “Ponso! Jifunge mifuko ya plastiki mikononi, panda!”

Ponso akapanda. Mtaa ukachukua nafasi ya kwanza.

Siku ya tatu Cunanan alifika hospitali na kikombe cha ushindi na mpiga picha.

“Inua mikono, ndugu yangu, watu waone shujaa wao. Aa, hapana. Shusha. Iingize chini ya shuka. Haya, cheka kidogo.”

Mkono wa kulia ulikatwa vidole vinne. Wa kushoto, viwili. Balbu haikuungua hata moja.