Bosi wa Kiti cha Nyuma

Ijumaa alfajiri Vernell Tolliver alifunga vipande vya kuku wa kukaanga kwa karatasi, akavipanga ndani ya boksi la viatu. Juu yake akaweka mayai ya kuchemsha, keki ya siagi, na chumvi kidogo aliyoikunja kwenye kikaratasi. Chini ya kiti cha mbele akasukuma kopo tupu la kahawa lenye mfuniko, kwa sababu kutoka Chicago kwenda Mississippi mtu mweusi hapati choo hata awe amebanwa namna gani. Nje, mumewe Lucius alikagua maji ya rejeta, akafuta vioo vya Buick yao ya kijani, kisha akatundika kofia ya dereva kwenye ndoano karibu na dirisha la nyuma.

Lucius hakuwa dereva wa mtu. Alipanga herufi katika kiwanda cha kuchapa magazeti, na gari lilikuwa lake, karatasi zote zikiwa na jina lake. Lakini barabarani mtu mweusi ndani ya gari zuri husimamishwa na kuulizwa, na jibu la kweli limeshawapeleka watu wengi mahali pabaya. Kwa hiyo kila alipoona gari la polisi Lucius alivaa kofia.

"Gari la nani hili, boi?"

"La bosi wangu, bwana. Bwana Harlan Pettibone. Ananisubiri hapo mbele."

Baada ya hapo waliachwa waende.

Siku hiyo walikuwa wanakwenda kumzika mama yake Vernell. Mazishi yalikuwa Jumamosi adhuhuri, na mchungaji alikuwa amesema kwenye simu kwamba kwa joto la Julai jeneza halitamsubiri mtu.

Uongo wa Lucius haukuwa mkubwa, ila ulikuwa umelishwa vizuri. Askari mmoja aliwahi kuuliza huyo Pettibone anafanya kazi gani, Lucius akampa viwanda vya mbao. Mwingine akauliza yukoje, Lucius akampa suti nyeupe na tumbo. Mwaka baada ya mwaka Bwana Pettibone alipata sigara kubwa, mke aliyemkimbia, na mapenzi ya pai ya pichi. Mwishowe akaanza kuwapo. Kwanza ilikuwa harufu ya sigara ndani ya gari. Halafu kiti cha nyuma kikabonyea upande wa kulia, na petroli ikawa inaisha upesi. Vernell alimlaumu mumewe kwa jambo moja tu, kwamba angeweza kumfanya mwembamba.

Mchana walikuwa kusini kabisa mwa Illinois mpira wa rejeta ulipopasuka. Gari lilisimama likitoa mvuke mbele ya nguzo yenye mbao mbili. Ubao wa juu ulisema: KARIBUNI ELLERY, MJI WENYE MOYO. Wa chini yake, kwa rangi ileile na mkono uleule, ulisema: MTU MWEUSI, JUA LISIKUZAMIE HAPA.

Mvuke haujaisha, askari wa mji alikuwa ameshafika. Aliitwa Rasch, kijana wa kuweza kuzaliwa na Lucius.

"Gari la nani hili, boi?"

"La Bwana Pettibone, bwana."

"Yuko wapi?"

Lucius alifungua kinywa aseme yuko hapo mbele, lakini mtu akakohoa kwenye kiti cha nyuma.

"Niko hapa," alisema Bwana Pettibone. "Na nina njaa."

Vernell alimgeukia mumewe, akanong'ona, "Njaa ulimpa ya nini?"

"Mwaka juzi, pale tuliposimama tukala chini ya mti. Askari akaja. Nikamwambia bosi ana njaa, amekwenda kutafuta chakula."

"Kwa hiyo hajala tangu mwaka juzi."

"Inaelekea hivyo."

Rasch alivua kofia yake, akafungua mlango wa nyuma, akamshika mgeni mkono. Bwana Pettibone alishuka na suti yake nyeupe na tumbo lake mbele. Suruali yake iliishia kwenye pindo, na chini ya pindo hapakuwa na kitu, kwa sababu hakuna askari aliyewahi kumuuliza Lucius habari za miguu ya bosi wake. Alikwenda akielea kimo cha kidole juu ya lami, bila shida.

Ellery ni mji unaojua kupokea wageni. Kabla Bwana Pettibone hajafika hotelini walikuwa wamempa jogoo, kikapu cha nyanya na nafasi ya mbele kanisani. Bi. Klemme, mwenye hoteli, alitoka na pai ya pichi ikiwa bado ya moto. Fundi magari, aliyeitwa Otto, alimtazama mgeni kuanzia juu hadi chini, akakuna kichwa.

"Mbona hana miguu?"

"Miguu ya mgeni inakuhusu nini, Otto?" alisema Bi. Klemme. "Mtu amekuja na alivyo navyo; asivyo navyo unataka avilete kwa posta? Kamletee kigoda."

Akampa Bwana Pettibone vyumba viwili, kimoja chake na kimoja cha miguu yake, endapo itafika baadaye.

Vernell alikwenda mlango wa nyuma wa hoteli akaomba maji ya kunywa. Bi. Klemme alimwambia kwa upole kwamba bomba limeharibika, huku akijaza jagi la Bwana Pettibone kwenye bomba hilohilo. Vernell akauliza kama angeweza kutumia choo.

"Hoteli hii haina choo, mama."

Bwana Pettibone alikuwa ameoneshwa vyoo sita. Vernell alirudi kwenye gari na kopo lake la kahawa, Lucius akasimama akiwa ameshika koti wazi kama pazia. Otto, aliyekuwa amelivuta gari hadi nyuma ya hoteli, alikuwa ameinama kwenye injini na hakugeuka, jambo ambalo Vernell alilihesabu kuwa ukarimu wake wote wa siku hiyo.

Gari la Bwana Pettibone lilitengenezwa upesi na kuoshwa bure. Lakini jioni ilikuwa inasogea, na yeye alikuwa bado mezani. Alikuwa amekula pai nzima na kutoa hotuba juu ya mbao. Kiti cha meya kilikuwa kitupu tangu wakati wa baridi, na mtu mmoja akasema kwamba mji haujapata kuona mtu anayejua mbao namna ile. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Waliobeba sahani walihesabiwa kuwa wameunga mkono.

Lucius alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Bosi, gari liko tayari. Twende."

"Nendeni tu," alisema Bwana Pettibone. "Mimi nabaki. Watu hawa wananipenda."

"Sawa, bosi."

"Na gari linabaki. Ni langu."

Ukumbi mzima ukamtazama Lucius. Rasch alijifuta mdomo kwa kitambaa. "Umemsikia, boi. Na king'ora cha kuwatoa watu weusi mjini kinalia saa kumi na mbili. Mkianza kutembea sasa hivi huenda mkaufikia ule ubao."

Lucius aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, zilikokuwa karatasi za gari. Vernell aliuona mkono huo, na aliona mkono wa Rasch ukishuka taratibu kwenye mkanda wake. Alimfikiria mama yake amelala peke yake katika gauni la zambarau, na watu wakitazama saa. Akampita mumewe, akasimama karibu na Bi. Klemme, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Mbona hamjamjua bado? Mzaha tu huo. Bwana Pettibone ana moyo laini, hakuna mfano."

Bwana Pettibone aliacha kutafuna.

"Harusi hatoi hata kijiko," Vernell aliendelea, "lakini msiba! Msiba wa mfanyakazi wake ni msiba wake. Hulia mpaka ashikiliwe. Juzi nilipofiwa na mama alisema, Vernell, chukua gari langu ukamzike mama yako, na baada ya hapo sitaki kuliona tena, litanikumbusha. Ndivyo alivyo. Si ndivyo, bosi?"

Mdomo wa Bwana Pettibone ulianza kutetemeka. Kwenye mfuko wa suti yake kulitokea leso ambayo haikuwapo, naye akaitoa na kuificha sura yake ndani.

"Lichukueni," alisema. "Mama wa watu. Lichukueni, sitaki kuliona tena."

Alilia kwa kwikwi, na Ellery ukalia naye. Bi. Klemme alimkumbatia. Otto alimpigapiga mgongoni. Rasch alisema pole, mheshimiwa, pole sana, na mwanamke mmoja alikimbia kwenda kumletea supu. Vernell alipita katikati yao akatoka nje. Hakuna aliyempa pole.

King'ora kilianza kulia wakati Lucius anawasha gari. Rasch aliwasindikiza kwa pikipiki hadi kwenye nguzo, akasimama pale akipiga saluti, kwa heshima ya gari.

Walifika Mississippi asubuhi, wakamzika mama yake Vernell, Augusta Rainey, adhuhuri. Watu walisimulia namna alivyokuwa akimuuliza kila anayebisha hodi kama amekula, kabla ya kumuuliza jina. Vernell hakuweza kusimulia kitu. Kila aliposimama maneno yalimkimbia, akakaa chini.

Waliporudi kaskazini walipita tena Ellery, mchana kweupe, bila kusimama. Mbao zote mbili zilikuwa zimepakwa rangi upya. Chini ya ule wa pili palikuwa na mstari mpya: KWA AMRI YA MEYA, H. PETTIBONE.

"Herufi zimepinda," alisema Lucius.

"Wewe ndiye uliyemtengeneza."

"Moyo ulimpa wewe."

"Nilimpa wa misibani tu," alisema Vernell.

Mji uliofuata walisimamishwa na askari mzee mwenye masharubu ya njano. Aliegemea dirisha la Lucius.

"Gari la nani hili, boi?"

Lucius aligusa ukingo wa kofia yake. Bwana Pettibone alikuwa amelikana gari mbele ya mashahidi, na jina lake halikufaa tena. Kabla kimya hakijawa kosa, Vernell akajibu.

"La memsabu wetu, bwana. Bi. Augusta Rainey."

"Simjui."

"Ungemjua ungempenda," alisema Vernell, na yale aliyoshindwa kuyasimulia msibani yakaanza kutoka. Alisema kwamba memsabu anapenda pipi za mnanaa, na mfukoni hazikosi. Alisema kwamba miguu inamvimba, hivyo huzikata ndara zake pembeni vidole vya mwisho vipate kupumua. Kwamba huimba jikoni, ubeti wa kwanza tu, kwa kuwa wa pili haujui. Kwamba kidole chake kidogo cha kulia kilipinda alipoungua kwa pasi. Lucius aliweka mkono kwenye goti lake, yaani inatosha, lakini Vernell aliendelea mpaka maneno yakaisha.

Hakusema memsabu ni wa rangi gani. Askari naye hakuuliza, kwa kuwa kwake mwenye gari ni wa rangi moja tu, na rangi hiyo akaitia mwenyewe.

Springi za kiti cha nyuma zililia kidogo, upande wa kushoto safari hii. Gari likajaa harufu ya mnanaa.

"Mmekula?" sauti ikauliza.

Askari alivua kofia. "Shikamoo, memsabu. Karibu sana mjini kwetu. Hapo mbele kuna hoteli nzuri, ina vitanda vizuri na chakula cha moto."

"Ahsante, mwanangu. Na hawa watu wangu watalala wapi?"

"Hao wataendelea na safari, memsabu."

"Basi na mimi naendelea."

Lucius alitazama kwenye kioo. Huyu alikuwa na miguu, amevaa ndara zilizokatwa pembeni. Vernell hakugeuka. Mkono ulipita juu ya bega lake, mweupe kama unga wa ngano, kidole kidogo kimepinda, na ndani ya kiganja palikuwa na pipi ya mnanaa.

"Asante, ma…" alianza Vernell.

Askari alikuwa bado ameegemea dirisha.

"Asante, memsabu," akasema.

Akaichukua pipi, akaiweka mdomoni. Lucius aliinyoosha kofia yake kichwani, akawasha gari.