Fimbo Hamsini za Mzee Bura

Mama Tekla, jirani wa ng'ambo ya korongo, alisema mwalimu Letisia aliwatuma watoto wa chekechea kung'oa vigingi vya shamba la ngano. Eti aliwaona kwa macho yake, tena wakiimba. Alisema hayo kisimani, akarudia Jumapili nje ya kanisa, na Jumatatu yalikuwa yamemfikia Theodory, msimamizi wa shamba.

Letisia alipoambiwa, alimaliza kwanza kupepeta mahindi.

Hakuna kigingi kilichong'olewa. Watoto walikuwa wakipima. Walianza na ukuta wa darasa, kwa shibiri. Benedikta akapata ishirini na nane, Isidori ishirini na tatu, wakaitana waongo.

"Mkono wake kama wa panya," Isidori alisema.

"Ukuta ni ule ule," Letisia aliwaambia. "Mnataka kukubaliana? Tafuteni kipimo kimoja."

Mzee Bura alikuwa anapita na ng'ombe wake. Watoto wakataka fimbo yake.

Mwaka juzi, shamba lilipoongezwa, wakubwa wa shamba waliahidi kuacha njia ya ng'ombe kwenda majini, upana fimbo hamsini za Bura. Lakini mzee yule hamwachii mtu fimbo yake. Theodory akaambiwa akate ya kwake, iliyo sawa. Akaingia kichakani, akarudi nayo. Kuzilaza fimbo mbili pamoja zilinganishwe kungekuwa kumwita mgeni mwizi huku ameshika kibuyu cha pombe mliyompa wenyewe. Hakuna aliyezilaza.

Watoto hawakuijua aibu hiyo; ukuta ulipokwisha, wakataka kupima na njia ya ng'ombe. Bura aliilaza fimbo mwenyewe kuvuka njia, kigingi hadi kigingi, tena na tena, wao wakahesabu. Thelathini na tano na kipande. Letisia akawarudisha mwanzo. Thelathini na tano na kipande.

Masika yaliyopita ng'ombe watatu wa Bura walikamatwa kwa kukanyaga ngano, na mzee mwenyewe akachapwa viboko wajukuu wake wakitazama. Kumbe ng'ombe walikuwa njiani kwao.

Jumanne Land Rover ilisimama mbele ya darasa.

"Wewe ndiye mwalimu wa kung'oa vigingi?" Theodory aliuliza, bila kushuka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia mnapima ardhi ya serikali kwa fimbo ya mchunga ng'ombe."

"Si ndivyo mlivyoipima nyie?"

Watoto walicheka. Yeye hakucheka.

"Binti, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba. Hawa hata la kwanza hawajafika, na hesabu imewatokea sawa mara mbili."

"Hii chekechea naweza kuifunga leo."

"Funga. Njia itabaki thelathini na tano."

Theodory akashuka. Nyuma ya kiti chake ilionekana fimbo iliyopakwa rangi nyekundu nchani, ile aliyoikata kichakani mwaka juzi. Mzee Bura, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta tangu asubuhi, akaja taratibu, akailaza fimbo yake chini mavumbini, akarudi nyuma mikono mitupu. Letisia hakuwahi kumwona hivyo.

Watoto wakachuchumaa kuizunguka. Benedikta alikwisha kukunjua kiganja, tayari kupima kwa shibiri fimbo moja itakavyoizidi nyingine.

"Mzee Theodory," Letisia alisema, na sauti yake haikupanda, "naomba ulaze na yako hapa, ubavuni kwa hii. Watoto waone."

Theodory aliitazama fimbo ya Bura. Kisha akamtazama dereva, ambaye hakuwa amezima injini.