Simu Isiyochomolewa

"Betri limefura, Bi Mwanawema. Chomoa," alisema Fahmi, fundi simu aliyeitwa kutoka Konde. Mwenyewe hakuigusa.

Simu ilikuwa juu ya kigoda, waya umo ukutani, mgongo wake umefunuka kama chaza. Wanawake waliojaa ukumbini kila alasiri kuichambua Wingwi nzima, nani kaposwa, nani karudishwa kwao, wote walisogea nyuma.

"Sichomoi."

Haijachomolewa tangu msimu wa karafuu. Hamdan, mwanawe Bi Mwanawema, alimwachia ikiwa kwenye chaji, kioo amekiweka kisizime ili mama aangalie picha, akaenda kupanda mkarafuu. Tawi likamtupa. Nambari ya kuifungulia simu alizikwa nayo. Ikichomolewa itazima, na ikizima haifunguki tena, na humo mlibaki ujumbe wa sauti aliomrekodia dadake, Mardhiya, asubuhi ile, usiowahi kutumwa.

"Itaripuka, ikuunguze."

"Niungue."

"Na sie wageni wako je?" alidakia Saada, jirani. "Mie mume nimempata mwaka huu, hata sijamzoea."



Fahmi alijaribu kuuhamisha ujumbe. Betri lilikuwa limekiinua kioo, nusu ya chini haishiki kidole. Kuusikiliza tu ndiko kulikowezekana. Akatoa simu yake, akaisogeza karibu.

"Naurekodi hivi hivi. Mara moja, kisha naichomoa. Asikohoe mtu."

Saada akajiziba mdomo kwa kanga. Ukumbi ule, usiojua kimya, ukatulia. Sauti ya Hamdan ikatoka, nzito ya usingizi, kuku wanalia nyuma yake: Mardhiya amwambie mama asimsubiri kula.

Ilipokoma, harufu kali ilikuwa imeshapanda. Fahmi aliing'oa kwa kitambaa, akakimbilia uani, akaitupa mchangani. Ikapiga mluzi, ikawaka. Wanawake waliitazama mpaka ikawa kipande cheusi.

"Tuwekee," alisema Bi Mwanawema.

Fahmi akaibonyeza simu yake. Kuku walilia. "Mardhiya, mwambie mama..."

Hapo hapo, karibu zaidi, sauti ya Bi Mwanawema mwenyewe, iliyonaswa humo, ikamfunika Hamdan: "Labeka, baba. Njoo ule, baba, chakula tayari." Alipomaliza, palibaki kuku tu.

Hakuna aliyemsikia alipoitika wakati wa kurekodi; masikio yote yalikuwa kwa Hamdan. Hata yeye hakujisikia.

Fahmi akairudisha mwanzo, pengine safari hii itakuwa vyengine. Bi Mwanawema akainama, sikio juu ya kioo.

"Mardhiya, mwambie mama..."

"Labeka, baba," akaitika.