Kiatu cha Mguu Mfupi

Sheria ilitaka kila kiwanda kiajiri watu watatu wenye ulemavu katika kila wafanyakazi mia, na kwa sheria hiyo Mzee Mizani alipata kazi ya kupima sabuni kabla haijafungwa. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa katika miaka sita hakuna katoni lake hata moja lililorudishwa kwa kupungua uzito. Mguu wake wa kushoto ulipooza utotoni ukabaki mfupi. Alijitengenezea kiatu chenye soli ya tairi, tabaka nne, na akikivaa alitembea wima kama mwenye mji.

Kadi yake ya ulemavu ilipokaribia kuisha muda, ofisa utumishi alimwita.

"Mzee wangu, nenda bodi ya madaktari wakugongee muhuri. Bila kadi wewe ni mtu wa kawaida, na nafasi za watu wa kawaida zimejaa. Tena chumba unachoishi nacho ni cha kiwanda, unajua."

Alijua. Nyumbani mkewe hakumung'unya maneno.

"Baba watoto, kesho hicho kiatu kinabaki hapa. Wakikuona unatembea kama askari wa gwaride, muhuri watakupa wa nini? Chechemea mpaka wakuonee huruma."

"Miaka arobaini najifunza kutochechemea, leo nirudi darasa la kwanza?"

"Rudi. Ada nimeshakulipia kwa kuishi na wewe."

Alicheka, akaenda kutafuta kandambili.

Asubuhi alivaa kandambili. Kiatu alikitia kwenye mfuko mkewe asione, na mwenyewe hakujua anakibebea nini. Kwenye benchi la bodi alikaa karibu na mama mmoja kipofu.

"Wewe wa nini, kaka?"

"Mguu."

"Una bahati. Mimi hii mara ya nne wananiuliza kama nimeanza kuona."

Alipoitwa, alikuta daktari kijana na katibu mwenye miwani, fomu mezani, akawakabidhi kadi yake.

"Tembea mpaka dirishani, mzee," daktari alisema.

Akatembea. Bila kiatu mwili ulimwangukia upande kila hatua, na nusu ya njia alishika ukuta. Hakuongeza chumvi hata chembe; ndivyo mguu ulivyokuwa. Nyuma yake akamsikia katibu.

"Daktari, huyu ni wa kukaa nyumbani. Niandike hawezi kazi yoyote?"

"Andika."

Damu ikampanda. Hawezi kazi! Sabuni zote zile zilizopita mikononi mwake! Alikaa chini pale pale sakafuni, akatoa kiatu, akakivaa, akafunga kamba. Akaenda dirishani na kurudi, kichwa juu, akanyanyua kiti cha daktari cha akiba kwa mkono mmoja na kukitua taratibu.

"Nani hawezi kazi?"

Katibu alivua miwani. Daktari aliitazama ile kandambili iliyobaki sakafuni, kisha akamtazama yeye.

"Sasa mzee, kule kwanza ulikuwa unatuigizia?"

"Ule ndio mguu wangu."

"Na huu?"

"Huu pia wangu. Mguu nilipewa, kiatu nimetengeneza."

"Mbona uliingia nacho kwenye mfuko?" katibu akauliza. "Mwenye kweli hafichi kiatu."

Mzee Mizani aliukunja ule mfuko. Angemtaja mkewe? Hakumtaja.

"Anayeidanganya bodi, kadi yake tunaizuia," katibu alisema, akaitia kwenye droo. "Mwambie anayefuata aingie."

Alirudi kwa miguu, hatua zake zikigonga lami sawasawa, moja kama nyingine. Alipofika kwenye kona ya nyumba za kiwanda alisimama. Mkewe alimtambua kwa mwendo tangu ujana wao. Akisikia kiatu, angejua kila kitu kabla mlango haujafunguliwa. Mzee Mizani aliegemea ukuta, akakivua, akakirudisha kwenye mfuko na kuvaa kandambili.

Akaanza kuchechemea kwenye njia ya saruji. Milango miwili kabla ya mlango wao, akasikia ndoo inatuliwa kwa kishindo, kisha kicheko cha mkewe, kile cha zamani, cha msichana.

"Umenisikia!" alisema, akitoka mikono ikidondosha povu. "Leo mume wangu umenisikia!"

Naye akazidi kuchechemea, akimwendea.