Rola ya Bwire na Mchanga Wangu

Mchanga hausemi uongo. Wanaosema ni watu. Kwa hivyo barabara yetu ya Kware ilipofeli kipimo alasiri mbili mfululizo, nilijua wa kulaumiwa ni Bwire, dereva wa rola, ule mtambo mzito wa kushindilia udongo.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha udongo umeshindiliwa. Unachimba kishimo, unapima uzito wa udongo uliotoka, kisha unakijaza mchanga mkavu kutoka kwenye chupa ili ujue ukubwa wake. Asubuhi nilipata tisini na saba kwa mia. Alasiri, hatua chache tu kutoka hapo, themanini na tisa, chini ya tisini na tano zinazotakiwa. Msimamizi wetu, Maingi, akasema ikifeli mara ya tatu Bwire arudi kwao Busia. Mwaka huo wa tisini na sita kazi nyingine angeitoa wapi?

Bwire aliapa amepita kila mahali mara nane. Sikumwamini. Mimi madereva siwaamini, na tangu siku ya kwanza nilimwamuru kila nikipima alasiri aegeshe rola kando yangu, nimwone. Alikaa juu yake, injini ikinguruma, macho kwenye chupa yangu kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtihani. Hakuizima mchana kutwa. Betri ilikuwa imekufa, na kila asubuhi ilibidi lori lije kuiwasha kwa nyaya.

Alasiri ya tatu niliukausha mchanga upya kwa sufuria ya Nafula, mama wa chai. Nikakagua mizani. Nikafungua chupa. Mchanga ukashuka, ukasimama, ukashuka tena. Pembeni, chai yangu ilikuwa ikitetemeka kikombeni.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Ardhi ikitetemeka, mchanga hushonana shimoni na kuingia mwingi kupita kiasi, na udongo mzuri huonekana mlegevu. Asubuhi nilikuwa nikipima kabla lori halijafika kuiwasha. Na aliyeiweka rola pale ni mimi. Nyani haoni kundule.

"Bwire, zima."

"Madam, nikizima haiwaki mpaka kesho. Maingi akikuja apate imelala, si atanifuta?"

"Zima. Nitaongea naye."

Alizima. Nikachimba kishimo kipya. Tisini na saba.

Maingi alifika akauliza nani amesimamisha kazi. Nilimpa fomu. Penye sababu ya kufeli nilikuwa nimefuta jina la Bwire, nikaandika Kaluki, jina langu. Aliisoma mara mbili, akaenda zake.

Bwire aliniletea chai nyingine. Aliiweka mbali kabisa na rola, ingawa ilikuwa imezimwa.